Kisu cha Kupimia Mrututu

Mama alipima mrututu kwa kisu.
Mizani hatukuwa nayo. Tulikuwa na pipa la plastiki,
maana mrututu huila ndoo ya bati kwa usiku mmoja,
na chokaa iliyolala majini,
na mwiko ambao haukurudi tena jikoni.
Buluu ile! Kakuyuni nzima
hapakuwa na kitu buluu namna ile,
hata sare zetu siku ya kwanza ya muhula.
Alikoroga, akachovya ncha ya kisu,
akahesabu pumzi, akakitoa.
Kikija chekundu, kimevaa ngozi ya shaba:
"Bado ina hasira. Itaunguza majani. Leta chokaa."
Kikija kilivyoingia,
tulijaza bomba, akalibeba mgongoni
pale ambapo jana alimbeba Nyevu.

Mwaka ule mvua haikujua kuacha.
Sabaki ulipanda hadi kwenye matuta ya nyanya,
na asubuhi majani yalikuwa na mabaka
kama yaliyomwagiwa maji ya moto,
na chini yake ukungu mweupe,
unga unaobaki kwenye chekeche.
Mrututu ukashindwa.

Muuza dawa, Malindi, nyuma ya soko,
alimweleza mengi, mengine kwa vidole.
Mama akarudi na pakiti
yenye picha ya nyanya moja nzuri kupita kiasi.
Akakoroga ile poda ya manjano,
akachovya kisu.
Kikatoka kilivyoingia.
Akaongeza poda. Kikatoka kilivyoingia.
Akakitazama muda mrefu.
"Hii haisemi," akasema.

Siku ya tatu akaja Shungu
na pikapu, na kreti tupu, na bei mara mbili,
kwa kuwa Mombasa nyanya hakuna,
zote zimeozea shambani.
"Leo, au nageuza gari."

Mama akanipa pakiti.
"Wewe ndiye msomi. Yasemaje?
Kutoka kunyunyiza hadi kuchuma, siku ngapi?"

Maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Niliyaona. Nambari niliiona vizuri.
Niliona pia daftari la duka la Mwagandi,
jina letu limepigiwa mistari miwili,
na barua ya ada
iliyokunjwa hadi imeanza kuchanika.
Nikasoma:
"Tatu."

Wakachuma hadi giza.
Mabegani mwa nyanya mlikuwa na vumbi hafifu,
Shungu akalifuta kwa ncha ya kikoi,
moja moja, za juu tu,
zile zitakazoonekana.

Mama alitenga karai moja, letu,
akalifunika kwa leso,
akalisukuma uvunguni.
Usiku ule tulikula ugali na mchicha wa chumvi.
Kesho yake pia.
Nyevu alililia nyanya, akapigwa kofi,
yeye ambaye hakuwahi kupigwa.

Ukutani, juu ya mafiga, palikuwa na mistari ya mkaa.
Mitatu ilikuwapo
kabla sijafungua kinywa changu mbele ya Shungu.
Ukaja wa nne.
Wa tano.
Sikuuliza.
Wa sita ulichorwa nikiwa nimesimama pale pale,
nimeshika kibuyu cha maji.

Baada ya wa saba
akalivuta karai, akaziosha mara tatu,
zilizooza akazitupa, na zilikuwa nyingi,
akakata moja nzima,
akanipa mimi kipande cha kwanza,
akaketi
akanitazama nikitafuna.