Bando la Jero

Nyuma ya bani la babu Mlekwa, hapa Usoke,
kuna kichuguu kirefu kuliko mwalimu mkuu.
Ukisimama chini, simu ni tochi tu.
Ukipanda hadi kileleni, ukageukia reli,
vinaota vijiti viwili, mara vitatu,
dunia inaingia.

Tuko watano, kidato cha pili, simu moja
ya dada yake Nsimba, kioo kimepasuka
kama jaruba mwezi wa tisa.
Kila mmoja ametoa mia,
kwa hiyo kila mmoja ana haki yake.
Kashindye anataka chenga za yule winga,
azitazame mara tatu, kisha ashuke
akazijaribu kati ya matuta ya tumbaku.
Mbula, nywele za harusi ya shangazi yake.
Mihayo hasemi. Tunajua:
anataka kuona kama Nyanzala wa Kaliua amejibu.
Nsimba, kwa kuwa simu ni ya kwao, anataka vyote.

Mimi nimetumwa na mtihani wa Jumatatu.
Nikaandika: moyo unavyofanya kazi.

Wakaguna. Mia yako hiyo, maliza upesi.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
tukabana pumzi kama wategaji wa kware,
halafu ukatokea, mwekundu, umelowa,
unafumba na kufumbua
kama ngumi ya mtoto aliyelala.

Hakuna aliyeguna tena.
Kashindye akaweka kiganja kifuani.
"Kumbe una milango," akasema.
Damu ikaingia chumba cha juu,
mlango ukaachia, ikashukia cha chini,
ikajikusanya, ikataka kutoka –

*Ndugu mteja.*

Yaliyobaki unayajua.
Moyo umeganda kiooni, umejaa,
hauendi mbele, haurudi nyuma.
Chenga hazikuchezwa.
Nyanzala hakujibu, au alijibu, nani ajue.
Nikangoja wanitukane.

Mbula akavunja kijiti, akauchora
ubavuni mwa kichuguu,
akaanzia pale ulipokwama.
"Damu haiwezi kukaa hapo. Itatokea wapi?"
Tukabishana, kila mmoja akichimba njia yake,
mpaka mchwa wakatoka kutazama
nani ametoboa nyumba yao.

Jumatatu swali likaja. Namba saba.
Nikajibu nusu kwa video, nusu kwa kichuguu.
Nimepata sita kwa kumi,
na pembeni mwa mchoro, kwa wino mwekundu,
mwalimu ameuliza:
huu mlango wa tano umeutoa wapi?