Mashine ya Tatu

Saa nane usiku, chumba cha nyuma, Barabara ya Rombo, Moshi.
Mashine saba za mtumba, feni zake zinakohoa,
na mimi mbele ya kioo, na chai iliyokwisha poa,
nagawa kazi:
picha za udongo wa Rau, hesabu za mvua za miaka thelathini,
mafaili elfu nne yamepanga foleni
kama watu siku ya mbolea ya ruzuku.

Kanuni niliiandika mwenyewe, mistari kumi na mmoja tu:
uliza kila mashine, "Upo?"
Itakayoitika kwanza, ipe.
Nilimwonyesha Mafole. Akasema safi,
fupi kama amri ya jeshi.

Lakini itazame ya tatu.
Inaitika kabla swali halijaisha.
Basi inapewa. Inaitika tena, inapewa tena,
huku ya tano imekaa, baridi kama jiwe la Mto Karanga,
na ya sita imejifunza kuchelewa.
(Mashine haijifunzi kuchelewa, najua.
Lakini ya sita, nakuapia.)

Saa tisa kasorobo joto lake likafika nyuzi tisini na mbili.
Haikulalamika. Haina namna ya kulalamika
isipokuwa kuzimika.
Ikazimika.
Kazi mia sita na kumi zikarudi foleni, hazina mwenyewe.

Nikakaa na ile taa moja nyekundu,
nikamkumbuka Ndeonasia.

Sisi ni sita kwa mama. Mama yuko Kibosho, mguu na sukari.
Simu ikilia, Ndeonasia hupokea mlio wa kwanza:
"Nipo."
Dawa zimekwisha, Ndeonasia. Ng'ombe anazaa usiku, Ndeonasia.
Mfongo umeziba na zamu yetu ya maji ni alfajiri,
nani tena?
Kaka yuko Dodoma, mkutanoni.
Mimi, fundi wa mizani,
simu naigeuza kifudifudi mezani,
asubuhi naandika: Pole, nilikuwa kazini.
Krismasi tukikutana tunamsifu, huyu dada ana nguvu!
Nguvu.
Hatujawahi kumpima joto.

Nimefuta mstari wa nne.
Sasa kanuni inauliza: Una ngapi mkononi?
Tangu lini hujapumzika?
Ya tatu nimeifungua kifuniko, nikaipuliza vumbi,
nimeiacha ilale mpaka Jumatatu.
Ya tano imeanza kunguruma.
Ya sita nayo, shingo upande.

Saa kumi na nusu nikapiga Kibosho.
Mlio wa kwanza.
"Nipo," sauti ya mtu aliyekuwa macho.
Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanitoroka.
"Zamu ya maji ya leo," nikasema, "ni yangu."

Kimya. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Jembe limekatika mpini," akasema.
"Uje na jingine."