Jicho Jeusi la Ngoma

Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga wetu.
Sulagna Bhaduri hakuwahi kuisikia methali hiyo,
ila alikuja na saa ya kuipima:
inavuma sekunde ngapi, inafifia vipi,
na katika sauti zake zote, ipi hutangulia kufa.

Kolkata, Julai. Mvua imeukaba uchochoro.
Tramu inapita Chitpur ikiburuta kengele yake
na kibanda cha Nibaran Ruidas kinatetemeka,
ngozi zote ukutani zikiitika,
kila moja kwa jina lake.
"Hiyo," alisema Sulagna, "hiyo ndiyo niliyokuja kuiuliza."
Fundi hakuinua uso.
"Vua viatu kwanza."

Alipima kila kitu. Mizani yake ya maabara
aliiweka kati ya jiwe la kusugulia
na bakuli la wali uliopondwa:
unga wa chuma kiasi hiki, wali kiasi hiki,
tabaka la kwanza, jiwe; la pili, jiwe;
jicho jeusi likikua katikati ya ngozi ya mbuzi
kama mboni inayojifunza kutazama.

(Nami niandikaye haya nahesabu mizani kwa vidole,
nane kwa nane, kisha naziacha zimwagike.
Kwetu neno ni moja: cha kupimia sukari
na cha kupimia mshororo.)

Ngozi tupu, alimweleza, ni baraza la wabishi:
ukiigonga, kila sauti inadai kiti chake
na hakuna hesabu ya kuwakalisha.
Ipake jicho, wanapanga foleni:
moja, mbili, tatu, nne.
"Nani aliwafundisha adabu hiyo?"
"Jiwe," alisema fundi. "Na njaa."

Wiki ya tano grafu zilianza kutoa siri.
Ngoma za mwaka juzi: mistari imenyooka.
Za mwaka huu: mstari wa nne umepinda,
juu kabisa, pale sauti inapokuwa nyembamba
kama kilio cha popo mchanga.
Alipima tena. Akabadilisha kipaza sauti,
akalaumu unyevu, akalaumu waya.
Kisha akakumbuka: jana alimwita mara tatu
na fundi hakugeuka
mpaka kivuli chake kilipoanguka juu ya ngozi.

Hakusema. Kuna vipimo havisomwi kwa sauti.

Kesho yake alileta unga wa mchele ndani ya gazeti,
akaunyunyiza juu ya ngoma,
akaiamsha kwa spika ndogo.
Unga ukakimbia. Ukakimbilia pale pasipotikisika,
ukachora ua la petali nne,
petali moja imelegea.

Nibaran aliinama hata pua ikaingia weupe.
Alitazama kama mtu aliyeletewa barua
na ndugu aliyedhani amekwisha mzika.
Akachukua jiwe, akasugua upande ule,
pumzi tatu, si zaidi.
"Tena."
Unga. Ua. Limekaa.
Akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono.
"Hicho kispika utaniachia," alisema.
"Unga nitanunua mwenyewe."

Maabara, ng'ambo ya mto, ana utando wake,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
ulioundwa usikilize mapafu ya vichanga
lakini hupiga kelele badala ya kusikiliza.
Usiku ule alidondosha tone zito katikati yake.
Haukutulia. Akaongeza la pili.
Sasa yuko tabaka la kumi na moja,
na kwa kuwa hana jiwe dogo kiasi hicho
anasugua kwa ukucha,
na wenzake wanamcheka kidogo.

Ngoma ivumayo haidumu:
sekunde mbili na nusu, kwa saa yake.
Ila Jumanne ile, tramu ilipokwisha pita
na kuta zote zikanyamaza,
ngozi moja ilibaki ikiitika chini ya kiganja cha fundi,
naye, macho ameyafumba,
midomo inahesabu.