Tisa

Ziwa liko pale, ukitoka mlangoni na kushuka kidogo,
maji ya kuzamisha milima,
nami nakinga mvua kwa ndoo chini ya bati
kwa ajili ya samaki wasiofika urefu wa sindano ya gunia.

Mama Chubwa husimama dirishani:
"Butoyi, hao unawakaanga lini?"
Hapa Mwanga samaki hupimwa kwa kisado.
Namjibu, hawa ni wa kutazama.
Anacheka mpaka kanga inamlegea.
"Wa kutazama! Na ugali nao utautazama?"

Bukuru aliwatuma kutoka Dar, kwa treni,
mfuko wa nailoni uliojaa upepo
ndani ya deli la barafu lisilo na barafu.
Dodoma, Tabora, Uvinza.
Walipanda kumi na wawili, wakashuka tisa.
Kwenye simu alisema neno moja tu:
usiwapunguze. Mmoja akibaki peke yake hali,
hujibanza pembeni akafifia.
Sikumuuliza kama alikuwa anazungumzia samaki.

Maji ya ziwa hawayawezi. Ni magumu, yana ile chokaa
inayoacha utando mweupe ndani ya birika.
Kwao ni vijito vyeusi vya msituni, ng'ambo ya bahari,
maji laini yaliyolalia majani yaliyooza.
Basi nawatilia majani makavu ya mkungu
mpaka maji yashike rangi ya chai ya mkavu iliyozimuliwa.
Fundi Bidyanguze, aliyenikatia vioo,
alikuja kuchungulia kazi yake, akasikitika:
"Dada, umeyachafua."
Ndani ya uchafu ule wakapita,
mstari wa buluu, mstari mwekundu,
uzi unaoshona bila sindano.

Cherehani yangu iko hatua moja kutoka kwao.
Nikikanyaga, wanasogea wote.
Nikiacha, wanageuka wote.
Nimemtafuta kiongozi wao wiki nzima, mguu juu ya pedeli,
nikaharibu kola mbili za sare za shule.
Hayupo.

Chakula chao ni dagaa. Sioni haya kusema.
Naanika, natwanga, nachekecha kwa kitambaa cha shela,
nadondosha unga kwa ncha ya kidole.
Waliovuliwa kwa taa
wanawalisha wanaoishi chini ya taa.

Jumanne umeme ulikatika saa mbili usiku.
Pampu ikakoroma, ikanyamaza.
Saa nne wakaanza kupanda juu,
midomo kwenye ngozi ya maji.
Nikachukua kikombe cha bati.
Chota, inua, mimina.
Chota, inua, mimina.
Kule ziwani taa za wavuvi zimejipanga
kama mji ambao haujui mgao.
Mkono wa kulia ukafa ganzi, nikahamia wa kushoto.
Kuna wakati nilimwaza mkunga wa Kasulu
aliyehesabu mmoja, akanawa mikono,
akaitwa tena akiwa mlangoni: bado yupo mwingine.
Mwingine ndiye mimi.
Dakika kumi na saba Bukuru alikaa duniani peke yake.
Hajawahi kunieleza ilikuwaje.

Umeme ulirudi kabla ya adhana.
Nikawasha taa yao. Rangi zimewatoka,
weupe kama karatasi iliyolowa,
maana ndivyo walivyo, giza likiingia wanavua nguo zao.
Nikakaa sakafuni, kikombe mapajani.
Buluu ilianza kwa mmoja, nyuma ya jani,
ikasita,
ikawashika wawili watatu kwa pamoja.

Nikahesabu. Hawasimami uwahesabu.
Nikaanza upya, kutokea kwenye jiwe.

Tisa.

Au wanane, na mmoja nimemhesabu mara mbili.