Bei kwa Kondoo

Punta Arenas, duka lisilo na ushuru. Upepo mlangoni
unasukuma toroli tupu hadi ubavuni mwa teksi.
Nimefuta viatu mara mbili, bado nanuka zizi.
Zlata wa kaunta ananipangia vishikwambi vitatu
juu ya kioo, kama karata zilizofunuliwa.

"Hiki chembamba kama kipande cha jibini," asema,
"na kioo chake kina rangi bilioni moja."
Bilioni! Mimi nimeishi na nne:
nyasi, theluji, sufu, na ule mlangobahari wa kijivu
usioamua kama ni maji au mbingu.
Laki nne na tisini elfu.
Nahesabu nilivyozoea: kondoo mmoja, peso elfu.
Siku tatu na ushei za kunyoa,
mgongo umekunjwa kama kisu cha mfukoni.

Cha pili kina kalamu.
Laki mbili na kumi, na kalamu ndani yake,
ya kuchora, ya kuandikia mihadhara.
Mama yangu Eduvina ana miaka sabini na tisa.
Anachochora ni msalaba kwenye kalenda
siku mtungi wa gesi ulipoletwa.

Cha tatu hakina jina la kujivunia.
Kizito, kingo za mpira, kama kilichovaa buti.
Elfu themanini na tisa:
kondoo wa asubuhi moja, kabla jua halijafika dirishani.
Zlata anashusha sauti, kama anayetaja mgonjwa:
"Hiki ni cha polepole. Na kumbukumbu yake ni ndogo."
Ya mama pia, namwambia. Watapatana.

Lakini rahisi ni ghali, hilo nalijua kwa mikono.
Mashine ya kunyolea niliyookota kwa bei ya chini Río Gallegos
ilikata roho katikati ya kondoo dume,
akabaki nusu uchi, nusu koti,
akinitazama.

Basi nabandika kidole gumba, nijaribu kufuli.
Miaka thelathini ya mafuta ya sufu imenifuta alama.
Kile chembamba kinanikana mara tatu.
Cha kalamu kinasita, kinaomba nijaribu tena.
Cha tatu hakiulizi mtu jina,
kinafunguka kama mlango wa jirani.

Nampigia mama. Nikununulie tableti ipi?
"Tembe ninazo tele," ajibu, "za presha na za goti."
Namweleza. Kimya.
Nasikia sindano zake mbili zikigongana.
"Kinasimama chenyewe?"
Nini?
"Mezani. Nikiongea na Yasna nahitaji mikono yangu.
Mtoto anakuja Julai, na soksi ipo moja."

Zlata anapekua makaratasi yake:
kamera mbili, betri ya saa kumi na mbili, kasi, uzito.
Kusimama hakukuandikwa popote.
Tunavijaribu, vichwa vyetu vikikaribia kugusana.
Chembamba kinateleza hadi kinalala.
Cha kalamu kinataka jalada lake,
kondoo arobaini na watano zaidi.
Chenye buti kinaegemea mashine ya risiti
na kutulia, kama mlevi aliyepata ukuta.

Sasa kiko jikoni, mgongo kwenye kopo la sukari.
Yasna yuko Antofagasta, jangwani, mdomo wazi:
picha imeganda katikati ya neno.
Nasimama nyuma ya kiti, nawaza kile cha rangi bilioni,
nawaza siku mbili na nusu za mgongo nilizobana.
Labda kisingeganda.
Mama haoni tatizo.
Anamsubiri kama mtu aliyekwenda kutazama chungu,
anageuza kisigino cha soksi, anahesabu mishono,
kisha anaiinua mbele ya kioo,
amwonyeshe ilipofika.