Farasi Wanane

Shaame alianzia kwa farasi arubaini.
Aliwaleta nyumbani wamo ndani ya simu:
boti nyeupe pe, ubavuni mstari mwekundu,
kiti cha nahodha kinazunguka kama cha kinyozi.
"Fundo mpaka Wete, dakika saba," akasema,
na mie hapo nakaanga dagaa,
nikamuuliza: wanakula nini?
"Nani?"
Farasi.

Usiku ule tulihesabu kwa tochi.
Pesa ya mwani, misimu mitatu, kwenye kopo la maziwa;
upatu wangu, zamu ya Machi;
karafuu za mkwe, ambazo hakuna aliyethubutu
kuzitaja kwa sauti.
Milioni sita na laki mbili.
Na petroli imekaa chini ya hesabu
kama mgeni asiyeaga.
Boti mtu huinunua mara moja,
petroli huinunua kila akitaka kuondoka.

Basi tukaenda kutazama za watu.

Ya kwanza, Mkoani, imetoka hotelini,
rangi mpya juu ya jina la zamani;
nilipitisha ukucha, jina likachungulia.
Nikaigonga kama linavyogongwa fenesi:
omo ikalia ko, ko,
tezi, pale inaponing'inia mashine,
ikajibu bu.
Ubao umelowa ndani ya faiba.
Mwenyewe, Maulidi Ngwali, akala kiapo
kabla hatujamuuliza lolote.

Ya pili nzima, nzuri, nyembamba kama kisu.
Shaame aliipenda mpaka akanyamaza.
Mie nikapanda, nikasimama upande mmoja,
ikaniinamia kwa adabu nyingi mno.
Watoto watano, nikamwambia, hawakai katikati.
Watoto hukaa penye kitu cha kuchungulia.

Ya tatu ilikuwa imepinduliwa nyuma ya ghala, Wete,
kuku anataga chini yake.
Kuku, tukaambiwa, hayumo kwenye bei.
Mita tano na kidogo, tumbo pana,
kijani ambacho hakuna mtu angekichagua,
rangi iliyobaki ya mlango wa msikiti.
Milioni mbili na nusu, bila mashine.
Tukaigeuza. Tukaigonga: ko, ko, ko, hadi tezi.
Shaame akaikunjia uso
kama aliyeletewa mchumba bila kuulizwa.

Ndipo mamake, Bi Mgeni,
tuliyempitisha hospitali kwa ajili ya goti,
akakusanya buibui kwa mkono mmoja,
wa pili akauweka juu ya ubavu ule mfupi,
akavuka.
Peke yake.
Miaka minne mama huyu anabebwa mabegani
na vijana wa pwani kama gunia,
amefumba macho mpaka nchi kavu.
Akakaa juu ya ubao, akajifuta vumbi magotini,
akatutazama.
"Haya. Mashine iko wapi?"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kupatana bei,
na muuzaji alijua.
Hakupunguza hata elfu kumi.

Mashine tukapata ya farasi wanane,
milioni mbili na laki tisa, kwa risiti.
Zilizosalia zikawa maboya ya kuvaa,
manane, mawili ya kitoto,
na makasia, maana farasi nao huugua.
Asaa, nduguye, alicheka mpaka akakaa chini:
"Wanane! Na punda wangapi?"

Dakika ishirini na mbili. Nimezihesabu.
Za watalii hutupita,
mawimbi yao hutufikia baadaye,
salamu za mtu aliyekwisha kugeuka.
Kidawa hufanya hesabu za skuli katikati ya mkondo,
daftari lake lina chumvi.

Ile nyembamba ilinunuliwa na mtu wa Gando.
Siku nyengine hukatiza mbele yetu,
na Shaame, mkono kwenye mashine,
huifuata kwa jicho mpaka ipotee.
Namwachia.
Goti la mamake liko mbele, limetulia,
na jicho halili petroli.