Pakavu

Wino wetu pale Kabanga haukununuliwa.
Tulikwangua masizi ya jiko la parokia,
moshi wa miaka na miaka, wa maharage na mawese,
tukayachemsha, tukayachuja kwa leso kuukuu
mpaka yakatoa rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Kalamu: tete la Malagarasi, limekatwa mshazari.
Brashi: singa za beberu wa Ntahondi,
ambaye hadi leo hajui nani alimnyoa.

Mwalimu Ruhumbika alikuwa na ukurasa mmoja tu,
umechanika kitabuni, mchoro wa fundi wa kale:
Tobia ameinama
anampaka babaye nyongo ya samaki machoni.
"Hesabu mistari," aliniambia. Nikahesabu.
Haikufika thelathini.
Na dirisha halikuchorwa kabisa;
giza lililazwa kandokando, dirisha likajitokeza lenyewe.
"Hawa hawakupaka mwanga," akasema. "Waliuacha."

Mimi kuacha sikujua.
Nilizidisha maji, kivuli kikavuja kutoka ukutani
kikamfikia malaika, kikamlowesha hadi kiunoni.
Samaki wangu alikuwa mgebuka mkavu
wa soko la Kasulu, ndiye niliyemzoea.
Mwalimu alicheka mpaka akakohoa:
"Huyu alishapasuliwa Ujiji!
Nyongo utaitoa wapi?"

Mwaka wa tatu macho yake yakaingia ukungu.
Mtoto wa jicho, walisema hospitali,
asubiri akomae.
Akasubiri, huku anafundisha,
anapima ukali wa wino kwa ncha ya ulimi.

Siku moja nilimpelekea karatasi ingali mbichi.
Hakuiinua dirishani kama zamani.
Aliilaza mezani, akapitisha kidole polepole
kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
"Maji. Maji. Huu ukuta.
Hapa umerudia mara mbili, kwa nini?
Joho. Maji tena."

Kisha kidole kikasimama
juu ya uso wa yule baba,
mahali ambapo kwa woga tu, wala si kwa ufundi,
sikuthubutu kugusa.

"Pakavu," alisema.

Akakiacha kidole palepale,
kimelowa wino wa ukuta na wa joho,
nami nikaona kabisa kwamba kitaacha doa.
Sikumwambia.